Maswali ya Wasomaji: Mahame Ndani ya Msitu

Katika toleo lililopita nilieleza kwa ufupi kazi ya kuhesabu mimea katika misitu ya pwani ya Kusini, nikawaomba wasomaji wenye maswali waniandikie. Barua zimekuja kutoka Nyangao, Lutamba, Mtwara mjini, Tandahimba na Newala, na walioziandika ni watu wanaoijua ardhi hii kwa kuitembea na kuilima. Nimechagua tano. Ya mwisho nimeijibu kwa urefu kuliko zote, kwa sababu aliyeiandika ameuliza jambo ambalo sisi watafiti wa mimea tulipaswa kuwa tumewauliza wazee wetu miaka mingi iliyopita.

KUTOKA NYANGAO

Swali: Kiangazi kilichopita walikuja watafiti kijijini kwetu, wakajitambulisha kwa mwenyekiti kuwa ni watu wa mimea. Siku ya kwanza walipima miti. Siku mbili zilizofuata walichimba shimo refu msituni, wakachekecha udongo na kuweka vipande vya mkaa katika mifuko midogo. Hapa kijijini wako waliosema kwamba wanatafuta madini, na wengine wakasema ni mali iliyofichwa na Mjerumani. Mtu wa mimea anatafuta nini ndani ya ardhi?

Jibu: Ndugu msomaji, wasiwasi wa wenzako una msingi, na ilikuwa kazi ya watafiti wenyewe kuuondoa kabla jembe halijagusa ardhi. Mkoa wa Lindi umewahi kuchimbwa na wageni. Pale Tendaguru, kati ya 1909 na 1913, Wajerumani walifukua mifupa ya dinosaria walioishi takriban miaka milioni 150 iliyopita, wakaisafirisha hadi Berlin, ambako iko mpaka leo. Mwenyeji anayemwona mgeni na sururu ana haki ya kuuliza. Hata hivyo, shimo ulilolieleza, ambalo udongo wake unachekechwa tabaka kwa tabaka, si la mtu anayetafuta mali. Ni la mtu anayetaka kujua mahali hapo palikuwaje miaka mia mbili, miaka elfu moja, au miaka elfu kumi iliyopita, kwa maana miti aliyoipima siku ya kwanza inamweleza habari za leo tu.

Mkaa ndio wa kwanza kutafutwa. Kuni zilizoungua nusu hazioi upesi kama jani au gogo, na kipande kidogo kuliko punje ya hindi, kikivunjwa na kutazamwa kwa darubini, huonyesha mpangilio wa vishipa vya mti, hata mtaalamu akaweza kusema kama ulikuwa mti wa jamii ya miyombo au wa jamii nyingine. Umri wake hupimwa kwa kaboni 14, ambayo hupungua kwa nusu katika kila miaka 5,730. Kipimo hicho kinahitaji uangalifu. Mkaa uliotoka katika kiini cha mti mkongwe huonekana wa kale kuliko moto wenyewe, kwa kuwa kiini kilikwisha kukomaa karne moja au mbili kabla mti haujaungua.

Udongo wenyewe nao hupimwa. Miti na vichaka hujenga mwili wake kutokana na hewa kwa njia moja, na nyasi nyingi za nchi za joto kwa njia nyingine, na tofauti hiyo hubaki katika kaboni ya udongo hata majani yakishaoza kabisa. Kwa kipimo kinachotumiwa na wataalamu, ambacho hulinganisha kaboni nzito na kaboni nyepesi, kaboni iliyotoka kwenye miti huwa karibu na -27, na ile iliyotoka kwenye nyasi huwa karibu na -12. Kwa hiyo, ukikuta msitu mnene juu na alama ya nyasi katika udongo wa chini, unajua kwamba hapo zamani palikuwa mbuga au pori jepesi. Au palikuwa shamba. Mahindi na mtama ni nyasi kwa ukoo, na huacha alama ileile. Ndiyo maana watafiti wale walichekecha udongo: kigae kimoja cha chungu katika tabaka hilohilo ni dalili kwamba huenda alama ile imetokana na mtama wa watu walioishi pale.

Naongeza ushahidi mmoja ambao hauhitaji maabara. Katika karne ya 19 watu wa pwani yetu walichimba sandarusi, gundi iliyokauka ya mtandarusi, ikauzwa Unguja na kupelekwa mpaka Salem huko Marekani kutengenezewa vanishi. Sandarusi iliyothaminiwa zaidi ilitoka ardhini, na mara nyingi ilichimbwa mahali ambapo hapakuwa na mtandarusi hata mmoja uliosimama. Wachimbaji wale, kwa kufuata bei, walikuwa wanachora ramani ya msitu uliotoweka. Kama kijijini kwenu yuko mzee anayekumbuka mahali babu zake walipochimba sandarusi, habari hiyo iandikwe.

KUTOKA LUTAMBA

Swali: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Tunaambiwa kwamba misitu ya Litipo na Rondo ina mimea isiyopatikana mahali pengine popote duniani. Wanafunzi wameniuliza kwa nini iwe hapa kwetu, wakati hatuna milima mirefu wala mvua nyingi kama ya Usambara. Sikuwa na jibu.

Jibu: Mwalimu, wanafunzi wako wameuliza swali ambalo wataalamu wamelishughulikia kwa miaka mingi. Misitu ya pwani ya Afrika Mashariki, kuanzia kusini mwa Somalia kupitia Kenya na Tanzania hadi Msumbiji, imebaki vipande vidogo vilivyotawanyika, lakini ukanda mzima unakadiriwa kuwa na spishi 4,000 hivi za mimea, na zaidi ya 1,700 kati yake hazioti kwingine. Ndani ya ukanda huo, Lindi ni miongoni mwa sehemu chache ambako mimea ya pekee imerundikana. Tena haikuenea sawasawa. Msitu mmoja unaweza kuwa na mti ambao huupati katika msitu wa jirani, hata kama unafika huko kwa mwendo wa siku moja kwa miguu.

Maelezo yanayokubaliwa na wengi huanzia baharini. Hali ya hewa ya bara letu imebadilika mara nyingi. Matope yaliyotolewa chini ya Ziwa Nyasa kwa kuchimbwa mwaka 2005 yalionyesha kwamba, katika kipindi kati ya miaka takriban 135,000 na 75,000 iliyopita, kulikuwa na ukame mkali kiasi kwamba maji ya ziwa lile yalishuka kwa zaidi ya mita 500. Katika nyakati kama hizo misitu ya bara ilikauka na nyasi zikatawala, lakini upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi uliendelea kuifikia miinuko ya karibu na pwani. Nyanda ya Rondo, ambayo kilele chake kinakaribia mita 900 juu ya usawa wa bahari, hupata ukungu na ubaridi ambao mtu aliyeko Lindi mjini hauoni. Mimea iliyokimbilia sehemu za namna hii ilidumu huko, kila kundi likitengwa na jingine na pori kavu lililokuwa katikati, na kwa muda mrefu kila kundi likashika njia yake. Si mimea peke yake. Komba mdogo wa Rondo, mnyama wa usiku mwenye uzito wa gramu 60 hivi, alitambuliwa rasmi kuwa spishi yake mwenyewe mwaka 1997, akapewa jina la nyanda hiyo.

Lakini naomba uwaambie wanafunzi jambo la pili, nalo linahusu watu. Sifa ya Lutamba imetokana pia na bahati ya kutembelewa. Mjerumani Hans-Joachim Schlieben, aliyekusanya mimea Tanganyika kati ya 1930 na 1935, alifanya kazi kubwa kuzunguka ziwa lenu, na mimea mingi iliyopewa jina kwa mara ya kwanza ilitokana na mikusanyo yake. Sehemu ya mikusanyo hiyo iliteketea Berlin mwezi Machi 1943, hebaria ya huko, yaani nyumba ya kuhifadhia mimea iliyokaushwa, ilipopigwa mabomu wakati wa vita. Tulinusurika kwa kuwa nakala zake zilikuwa zimegawanywa katika hebaria nyingine. Sasa fikirini: misitu ambayo Schlieben hakuifikia, na ambayo haikufikiwa na mwingine kabla haijafyekwa, ilikuwa na mimea gani? Ramani ya mimea ya pekee ni ramani ya mimea, na kwa kiasi fulani ni ramani ya njia walizopita wakusanyaji.

Mti mmoja unatosha kuonyesha uzito wa jambo hili. Erythrina schliebenii, mti wenye miiba na maua mekundu unaobeba jina la mkusanyaji huyo, uliandikwa mwaka 1998 katika orodha ya kimataifa kuwa umetoweka. Mwaka 2001 ulionekana tena katika kipande kidogo cha msitu wenye mawe. Mwaka 2008 eneo hilo lilifyekwa ili kupanda mazao ya nishati, na ikahofiwa kwamba umetoweka kwa mara ya pili. Mwaka 2011 wataalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliupata wilayani Kilwa, na miti iliyokomaa ilikuwa chini ya 50. Katika kazi hiyo waliupata pia Karomia gigas, mti mrefu sana ambao hapo awali ulijulikana kwa mti mmoja uliokatwa Kenya na mwingine ulioonekana Tanzania mwaka 1993. Kilwa iko mkoani kwenu. Mwanafunzi aliyezaliwa mwaka huo wa 2011 ni kijana sasa, na miti hiyo ni michache kuliko wanafunzi wa darasa lake.

KUTOKA MTWARA MJINI

Swali: Nasoma chuo. Kwa nini watafiti bado wanakausha majani ndani ya magazeti, wakati kila mtu ana simu yenye kamera?

Jibu: Mwanangu, piga picha, lakini tawi lichukue. Picha haionyeshi vinyweleo vilivyo chini ya jani isipokuwa mpigaji alijua kwamba vinatafutwa, na haiwezi kufunguliwa ua lake baada ya miaka 80 ili kuhesabu sehemu za ndani, wala kutolewa vinasaba. Kitabu kikubwa cha mimea ya Afrika Mashariki kilichoanza kuchapishwa mwaka 1952 na kukamilika 2012, kikiwa na spishi zaidi ya 12,000, kiliandikwa kwa kutazama matawi yaliyokaushwa, mengi yakiwa yamekusanywa na watu waliokwisha kufariki. Jina linaweza kukosewa msituni, na tawi lililohifadhiwa ndilo humwezesha mwingine kulisahihisha. Gazeti linatumika kwa sababu linanyonya maji na ni rahisi kupatikana. Usisahau kuandika mahali, tarehe, jina la mwenyeji aliyekuongoza, na jina la mmea kwa Kimwera, Kimakonde au Kiyao kama unavyoambiwa, kwa kuwa tawi lisilo na maandishi ni takataka.

KUTOKA TANDAHIMBA

Swali: Shamba langu la mikorosho nililirithi kwa baba, na miti imefunga kivuli. Afisa mmoja alituonyesha ramani iliyotokana na setilaiti, na shamba langu limepakwa rangi ya msitu. Je, ni msitu?

Jibu: Hapana, ndugu yangu. Setilaiti inaona majani mabichi na kivuli, na mikorosho mikubwa iliyokaribiana huonekana kutoka juu kama msitu mwepesi. Kosa hili si dogo katika mikoa yetu, kwani msitu ukifyekwa na mikorosho ikakua, ramani inaweza kuonyesha baada ya miaka 15 kwamba msitu umerudi, ilhali spishi nyingi zilizokuwapo zimebadilishwa na mti mmoja ulioletwa na Wareno kutoka Brazil. Rangi ya ramani haitoshi. Ni lazima mtu aende chini, atazame kilichoota katikati ya miti, na amuulize mwenye shamba.

KUTOKA NEWALA

Swali: Mimi ni mzee wa miaka 76. Mwaka 1974 tulihamishwa kutoka kwenye makazi yetu ya zamani, tukapelekwa katika kijiji cha pamoja kandokando ya barabara. Kule tulikotoka pameota miti, na leo ukipita utadhani hapajawahi kukaliwa na mtu. Mjukuu wangu wa sekondari alikwenda huko na mwalimu wake, akarudi akaniambia kwamba ule ni msitu wa asili na wamehesabu aina nyingi za mimea. Nilimwambia kwamba ule ni uwanja wa nyumba ya babu yangu. Nani kati yetu anasema kweli?

Jibu: Shikamoo, mzee wangu. Nimeisoma barua yako mara kadhaa. Mjukuu wako hakukosea, kwa kuwa tunaposema "msitu wa asili" tuna maana kwamba miti yake haikupandwa na mtu. Wala wewe hukukosea. Kosa ni letu sisi tuliowafundisha vijana neno hilo bila kuwaeleza kwamba msitu ulioota wenyewe unaweza kuwa na umri wa miaka 50 tu, na kwamba chini yake pana majivu ya jiko la mtu. Kiswahili kina neno kamili kwa mahali kama hapo: mahame. Neno hilo nimeliona mara chache mno katika ripoti za utafiti wa misitu, na ningependa lianze kutumika.

Mahame ya Kusini si ya zamani moja. Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, pamoja na njaa iliyofuata baada ya vyakula kuchomwa, viliondoa watu katika maeneo makubwa, na pori likachukua mashamba yao. Karl Weule, mtafiti Mjerumani wa mila na desturi aliyefika Newala mwaka 1906, alikuta nyanda ya Wamakonde imefunikwa na vichaka vizito visivyopitika, akavihusisha na desturi ya kufyeka, kulima miaka michache, kisha kuhamia sehemu nyingine ili ardhi ipumzike. Kwa maneno mengine, uoto ambao mgeni angeuita pori la tangu na tangu ulikuwa tayari umepita mikononi mwa wakulima, labda mara nyingi. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, nyanda ya Rondo ilivunwa mvule kwa wingi, na sehemu yake ikapandwa misaji na misindano. Nachingwea, kati ya 1947 na 1951, ardhi ilifyekwa kwa matrekta kwa ajili ya mradi wa karanga wa serikali ya Uingereza, mradi ukashindwa, na sehemu zilizoachwa zikaanza kuota upya. Kisha ikaja operesheni ya vijiji uliyoishuhudia mwenyewe. Watu walipohamishwa mbali na mikorosho yao, na bei zikawa duni, na ugonjwa wa ubwiriunga ukaenea, mavuno ya korosho ya nchi yalianguka kutoka tani 145,000 hivi katika msimu wa 1973/74 hadi chini ya tani 20,000 katikati ya miaka ya 1980. Takwimu hizo hutajwa na watu wa uchumi. Mtu wa mimea anapaswa kuzisoma kwa namna yake: ni maelfu ya mashamba yaliyoachwa bila kupaliliwa, kila moja likianza safari ya kurudi porini katika muda mmoja.

Sasa nikujibu kuhusu hesabu ya mimea. Shamba likiachwa, mambo ya kwanza hutokea haraka. Pale ambapo visiki na mizizi haikung'olewa, kama ilivyo desturi ya jembe la mkono, miyombo huchipua tena kutoka ardhini, na katika miaka 20 au 30 uzito wa miti unaweza kukaribia ule wa pori la jirani. Idadi ya aina za mimea nayo hupanda mapema, wakati mwingine hata kupita ile ya msitu wa zamani, kwa sababu mimea ya jua kali na mimea ya kivuli hukutana kwa kipindi fulani. Hapo ndipo hesabu inapoweza kumdanganya anayehesabu. Vikapu viwili vinaweza kuwa na matunda kumi na mawili kila kimoja, na lisiwepo hata tunda moja la aina iliyomo katika kikapu cha pili. Miti ya kivuli yenye mbegu kubwa humngoja hondohondo, nyani au popo wa kuleta mbegu, na kama msitu mkongwe uliokuwa karibu umekwisha kukatwa, hakuna pa kuzitoa. Mimea ya pekee niliyomweleza mwalimu wa Lutamba, kwa kawaida, haimo katika kundi la wanaorudi mapema. Kwa hiyo mjukuu wako akikuambia kwamba wamepata aina nyingi, mwulize ni zipi, na kama zinapatikana pia kandokando ya barabara.

Nieleze kwa nini jambo hili limenigusa. Miaka mingi iliyopita, nikiwa kijana katika kundi la upimaji, niliandika kwenye daftari langu la kazi kwamba eneo tulilolipima halikuwahi kuguswa na binadamu. Mzee aliyetuongoza, ambaye tulikuwa tumemlipa kwa kutufyekea njia tu, alisubiri tumalize, kisha akatuonyesha miembe mitatu iliyokuwa ndani ya kichaka, jiwe la kusagia lililozama nusu ardhini, na shimo la kisima cha ukoo wake. Miembe ile tulikuwa tumeipita bila kuitia maanani, kwa kuwa ilikuwa nje ya mipaka ya kamba zetu. Sikulifuta neno nililoliandika siku ile, na ripoti ilitoka ikiwa nalo. Ni kosa ninalolijutia, kwa sababu watu waliosoma ripoti ile walijifunza kwamba mimea tuliyoikuta ndiyo mimea ya msitu mkongwe, na wakapima misitu mingine kwa kuilinganisha na mahame.

Upande wa pili wa kosa hilo una madhara makubwa zaidi. Ikishajulikana kwamba misitu mingi imewahi kulimwa, yuko mtu atakayesema kwamba hakuna hasara kuifyeka tena, maana itarudi. Nimerudi katika eneo jingine tulilolipima zamani, msitu mkavu wa pwani uliokuwa na miti ambayo sijawahi kuiona kwingine, nikakuta ufuta. Mkulima aliyelima pale hakuwa mtu mbaya. Ufuta unapenda ardhi mpya, bei yake ilikuwa nzuri mwaka ule, na hapana aliyemwambia kwamba mahali pale palitofautiana na pori la jirani lililowahi kulimwa na wazee wake. Tungekuwa tumeandika historia ya kila sehemu, tungeweza kukaa naye pamoja na serikali ya kijiji, tukasema: hapa na hapa ni mahame ya karibuni, visiki vyake vinachipua, na kilimo kinaweza kurudi kwa utaratibu, lakini bonde lile halina kigae wala mwembe, udongo wake una alama ya miti tangu juu hadi chini, na miti yake haipo kokote. Hilo lisiguswe. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inawaruhusu wanakijiji kutenga msitu wao wa hifadhi na kuusimamia wenyewe, na vijiji vya Kilwa vimeonyesha kwa mpingo wao kwamba jambo hilo linawezekana na linaleta fedha za kijiji. Uamuzi wa kutenga wapi unahitaji kujua kila eneo limetoka wapi, na ujuzi huo, kwa miaka 100 iliyopita, uko kwa wazee wenye umri wako kuliko ulivyo katika maabara.

Kwa hiyo nina ombi kwako, mzee wangu. Rudi kule na mjukuu wako, na kama mwalimu wake ataweza, aende pia. Nendeni Agosti au Septemba, wakati majani yamepungua na ardhi inaonekana. Mwonyeshe nyumba ya babu yako ilipokuwa, kisima, makaburi, mpaka wa shamba, na mahali ambapo hata wakati ule palikuwa msitu na hamkupalima, pamoja na sababu ya kutopalima, iwe ni mzimu, mteremko au udongo mbaya. Aandike jina la kila mahame na mwaka lilipoachwa kama unavyoukumbuka, kwa mfano kwa kutaja mvua kubwa, njaa au kuzaliwa kwa mtoto fulani. Miti iliyoota ndani ya uwanja wa nyumba aipime unene wake kwa utepe, mita 1.3 kutoka ardhini, kwa kuwa miti hiyo umri wake tunaujua: haiwezi kuzidi mwaka mliohama. Hicho ni kipimo ambacho mtafiti hawezi kukipata kwa fedha. Miembe na mikorosho ya zamani ihesabiwe peke yake. Nakala moja ya daftari ibaki ofisi ya kijiji na nyingine shuleni, na majina ya miti yaandikwe kwa Kimakonde kwanza, kama unavyoyatamka wewe, kabla mtu yeyote hajaleta jina jingine.